Kwa Nini Nilisimama Nikiwa Naongoza

Ninyi vijana wa gereji mmeniomba niandike habari za miaka yangu ya mbio za magari, eti mpate kujifunza. Nimecheka sana. Petroli yenyewe siku hizi inatafutwa kwa foleni, Jumapili mchana ukionekana na gari barabarani unaulizwa unakwenda wapi, nanyi mnataka kufundishwa namna ya kuichoma upesi zaidi. Lakini mtu aliyestaafu akiombwa ushauri hakatai, hata kama hana. Basi kaeni, nianze.

Najua mnachokitaka hasa. Mnataka kujua kwa nini katika mbio zangu za mwisho, nikiwa naongoza, barabara nyeupe mbele yangu na mji wa Mtwara unakaribia, nilikanyaga breki nikasimama. Mji huu umeshatoa majibu yake. Sokoni Chikongola wanasema mafuta yaliniishia. Kule Rahaleo ninakokaa, majirani zangu wema wanasema nililogwa. Yupo na mmoja anayesema niliuza ushindi, naye kila nikipita ananiamkia kwa adabu nyingi ili nisijue kuwa ni yeye. Jibu la kweli nilikatazwa kulitoa na mtu mwenye haki ya kunikataza. Juzi ameniruhusu. Maneno yake yalikuwa haya: "Andika, ntani wangu. Kunyamaza hukuwezi, mwisho utapasuka." Mtu huyo ni Issa Likonda, msoma njia wangu, na nitamfikia.

Kwa wasionijua, mimi ni Silvano, Myao wa Masasi. Baba yangu aliletwa Mtwara na kazi ya bandari, akaendesha winchi mpaka mgongo ukamkataa. Alitaka niwe mwalimu. Mama alitaka niwe padri. Mimi nikapata kazi ya kuosha spana katika gereji ya Mzee Kanji pale Chikongola, na wazazi wangu wakaridhika kwa namna yao, yaani hawakulizungumza tena jambo hilo.

Mzee Kanji alikuwa Mhindi wa Mikindani. Alizaliwa pale, baba yake alizaliwa pale, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu mimi niliyechanganya cha nyumbani, cha misheni na cha makuli wa bandarini. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kila kitu chenye magurudumu alitaka kujua kitakwenda mbio kiasi gani kabla hakijavunjika. Kwa bahati yake mwili wake ulikuwa mnene mno kufanya uchunguzi huo mwenyewe, kwa hiyo alihitaji mtu mwembamba na mjinga kidogo. Siku ya kwanza alinipa pikipiki iliyotoka kutengenezwa, akaniambia niipeleke kwenye tuta la reli nikaijaribu. Nikaipanda. Akanishusha.

"Isukume," akasema.

"Mzee, si ina injini?"

"Injini inayo. Wewe ndiye huna. Isukume kwanza, ujue uzito wa kitu unachotaka kikutii."

Niliisukuma katika jua la mchana, watu wote wa Chikongola wakinipa pole kwa kuharibikiwa. Nilimtukana Kanji kimoyomoyo kwa lugha tatu. Lakini tangu siku ile, kila chombo nilichokiendesha nilianza kwa kukisukuma, na sijapindua gari kwa maringo. Kwa sababu nyingine nimepindua.

Hilo tuta la reli nadhani mnalijua. Reli yenyewe ilijengwa na Waingereza kwa ajili ya mradi wa karanga ambazo hazikuota, kisha ikang'olewa, likabaki tuta limenyooka, halina gari, halina askari, halina faida kwa mtu yeyote isipokuwa sisi. Jumapili baada ya ibada vijana wenye pikipiki walikutana pale kushindana. Katika mbio zangu za kwanza niliongoza kwa raha mpaka mahali palipokuwa na kalavati. Waliong'oa reli kumbe waliondoka na kalavati pia, bila kuwaarifu waendesha pikipiki. Niliruka, pikipiki ikaruka, tukatua mahali tofauti. Nilipopata fahamu, Kanji alikuwa amepiga magoti karibu na pikipiki akiikagua. Baadaye alikuja kunikagua na mimi.

Kutoka pikipiki nikahamia magari. Bara huko, mradi ule ule wa karanga ulikuwa umetuachia uwanja wa ndege usio na ndege, na mabwana wa klabu ya magari walipanga mapipa matupu, watu wakayazunguka mpaka mmoja atangazwe mshindi au mapipa yaishe. Wengi walikuwa Wazungu wa mashambani na wafanyabiashara wa Kihindi. Walivaa glavu za ngozi. Mimi nilivaa shati la baba. Mgeni wa heshima alikuwa akitoa hotuba ndefu kuliko mbio zenyewe, na mshindi alipewa blanketi au chupa ya chai. Nyumbani kwetu tulikuwa na chupa za chai nyingi mpaka wageni wakadhani tunafungua hoteli. Pale ndipo nilipojifunza kwamba mbio hazishindwi kwa kukanyaga mafuta. Kila mtu anaweza kukanyaga mafuta, hata mbuzi ukimfunga vizuri. Kazi ni kujua lini uache.

Mnaniuliza kila mara kuhusu vifaa. Nyuma ya kiti changu kulikuwa na jeki, mbao mbili za kuwekea chini ya matairi kwenye mchanga, kamba ya katani, panga, na kipande cha sabuni ya mche. Sabuni haikuwa ya kuoga. Tanki likitobolewa na jiwe unaikanda sabuni kwa mate, unaziba, unaendelea, na petroli haiwezi kuiyeyusha. Nimewahi kumaliza mbio nzima juu ya sabuni. Wapo wataalamu waliokuja na masanduku ya vifaa yenye rangi nzuri, wakakaa kando ya njia wakiyatazama mpaka tulipowavuta kwa kamba yetu.

Sitaki mdhani Kanji alikuwa hakosei. Siku moja alisikia kwamba ng'ambo mafuta ya maganda ya korosho hutumika katika kutengeneza breki. Habari ilikuwa ya kweli. Yeye akaona hakuna haja ya ng'ambo, korosho tunazo sisi, akachemsha maganda nyuma ya gereji na kunipa kazi ya kupaka. Mtoto yeyote wa Mtwara anajua mafuta yale hufanya nini kwenye ngozi. Mimi nilijua pia, lakini mzee alikuwa amefurahi sana. Viganja vilinibabuka, nikaendesha mashindano yaliyofuata nimevaa glavu, na wale mabwana wa klabu wakanipongeza kwa kustaarabika. Breki zenyewe zilinuka vizuri sana, ila kusimamisha hazikusimamisha.

Sasa tufike kwa Issa.

Klabu ilianzisha mashindano ya kupanda mlima, gari moja moja, kutoka bondeni mpaka juu Newala. Mnaijua njia ile, kona juu ya kona, ukuta upande mmoja na hewa upande wa pili. Kila dereva aliruhusiwa mtu wa kumsomea njia. Issa Likonda alikuwa mpakiaji katika malori ya Kanji. Miaka mingi alikuwa ameipanda na kuiteremka njia ile amelala chali juu ya magunia ya korosho, na Kanji akaamua kwamba mtu aliyelala juu ya njia kwa muda wote huo bila kuanguka lazima anaijua. Mimi Myao, yeye Mmakonde. Kwa wageni walioletwa huku na ajira za serikali, nieleze: hao ni watani. Mtani anakutukana na huruhusiwi kukasirika. Anaweza kuchukua kuku wako bandani ukabaki kucheka. Ukifa, yeye ndiye anayekuja kwenye msiba kuwavunja watu mbavu na kushughulikia mambo ambayo ndugu zako wamezidiwa na machozi. Kwa hiyo tangu Issa anafungua mlango wa gari alikuwa kazini.

"Leo nimepewa kubebwa na Nnyao," akasema, maana ndivyo Wamakonde wanavyotutamka Wayao. "Babu zako walibeba wetu wakawauze pwani. Nami unanipeleka wapi?"

"Juu," nikamjibu. "Huko mlikokimbilia mkisingizia sisi, kumbe mlikuwa mnakimbia maji ya kuoga. Funga mlango, mla panya."

Tulianza kwa utaratibu wa watu wote, yeye akisema kulia, kushoto, kali, nyepesi. Haukufaa. Injini ilikuwa inapiga kelele, maneno yale yalinifikia nimeshapita kona, na katika jaribio la kwanza tuliikosa hewa ile kwa upana wa kiganja. Issa kwa hofu akapiga ukelele: "Mjomba wako mchawi!" Mikono yangu ikakata kulia yenyewe kabla sijafikiri. Tulipofika juu tulishuka garini. Kisha Issa akasema, "Ntani, wewe husikii Kiswahili. Unasikia matusi."

Ndivyo tulivyotengeneza lugha yetu, na kwa kuwa mbio zimekufa naweza kuitoa bure. Kwetu sisi, Wayao na Wamakonde, ukoo ni wa mama na mjomba ndiye mkubwa wa nyumba. Kwa hiyo tusi la mjomba lilikuwa mkono wa kulia, na tusi la baba lilikuwa kushoto. Ukali wa kona ulifuata ukali wa kosa: mvivu ilikuwa kona nyepesi, mwizi ya wastani, mchawi kali kabisa. "Baba yako mvivu" maana yake njia inapinda kidogo kushoto. "Mjomba wako mchawi" maana yake kata kulia kwa nguvu zako zote na umwombe Mungu. Mama hakuguswa, mama haguswi. Tena Issa akaongeza sheria moja: "Siku nikikuita Bwana Silvano, kwa adabu, usiulize. Simama." Mtani hakuiti Bwana ila mambo yameharibika kweli. Aliniita hivyo mara chache sana miaka yote hiyo, na kila mara mbele yetu palikuwa na daraja lililokwenda na maji, au ng'ombe, au mti umelala. Kwa neno hilo nina mikono na miguu leo.

Tulishinda mlima ule mpaka klabu ikachoka kutupa mablanketi. Kutoka hapo tukaingia mbio za masafa, siku kwa siku katika vumbi na tope, mikoa kwa mikoa, hata nje ya nchi. Issa hakurudi tena kwenye magunia. Aliacha kuwa mpakiaji, akawa mtu ambaye watoto wa Chikongola wanamtaja jina gari likipita. Mkewe alimshonea shati jekundu la kusomea njia, na alilivaa hata kwenda msikitini mpaka shehe akamsemesha. Kiti kile cha kushoto, kwake yeye, hakikuwa kiti tu. Ndicho kilichomtofautisha na alivyokuwa, na alikipenda kwa namna iliyonitia wasiwasi wakati mwingine.

Mazoezi tuliyafanyia popote. Mara moja tulichukua njia ya kwenda mtoni Ruvuma kwa kuwa mchanga wake ulikuwa mzuri. Ng'ambo ya mto, kwa Wareno, kulikuwa na vita, na kila siku watu walivuka wakija kwetu na vyungu vichwani. Askari wetu walitusimamisha, wakalizunguka gari lenye namba kubwa ubavuni. "Watu wenye akili wanakimbia kutoka huko," akasema mkubwa wao. "Ninyi mnakimbilia. Tuwaite nini?" Issa akamjibu, "Mimi niite mateka, Afande. Huyu ni Nnyao." Afande akacheka mpaka akashika bunduki vibaya. Tulirudishwa mjini kwa mwendo wa mazishi, nyuma ya lori lao.

Kisha nikapata bahati, kama mnavyoiita. Wakala mmoja wa magari kutoka Dar es Salaam, jina lake halina kazi hapa, alinipa gari jipya nikimbie kwenye uwanja wa lami, kuzunguka pale pale kama punda wa kukamua ufuta. Pale hapahitaji msoma njia maana njia ni ile ile, ukiisahau inarudi. Nilifanya vizuri, nikavishwa maua, nikachoshwa sana. Halafu wakala akanitia katika mbio zake za masafa, lakini akasema Issa hatafaa, kwa kuwa hajui kusoma ramani na ana maneno machafu. Nikapewa kijana mmoja msomi, Lameck, mpole, safi, amepaka mafuta nywele.

Lameck hakuwa na kosa lolote, Mungu anajua. Kosa lake lilikuwa malezi. Tulipoondoka tu akafungua ramani, akasema kwa sauti nzuri, "Bwana Silvano, mbele kuna kona ya kulia." Nikakanyaga breki mpaka chini. Gari likazunguka, likasimama linatazama tulikotoka. "Kuna nini?" nikamuuliza. "Kona ya kulia, Bwana Silvano," akasema, na mguu wangu ukakanyaga breki tena ingawa gari lilikuwa limeshasimama. Nilimsihi asiniite Bwana. Akajitahidi, masikini, lakini kila akiogopa adabu ilimrudia. Tulikuwa tukisimama kila penye hatari, na njia yote ilikuwa hatari. Mchana akaomba kushuka. Nilimwambia anitukane baba yangu. Akaniambia kwamba hilo hawezi, baba yangu hajamkosea. Wakala akamrudisha Issa, na Issa alifurahia kisa hicho mwaka mzima, akinifungulia mlango kwa kuinama: "Karibu, mheshimiwa."

Mwaka uliofuata, lakini, Issa alianza kubadilika. Matusi yake ya kona yalikuwa yale yale, ila akaongeza jipya: akawa ananiita kipofu. "Kipofu wewe, hujauona mkorosho uliopinda?" Nami nikajibu kwa hasira, "Nimeuona, tumeupita!" "Macho yako ya mbuzi, kibanda cha mihogo kiko wapi?" "Si hicho hapo kulia!" Nikadhani amepungukiwa matusi. Nilimwambia arudi kwa mjomba, mjomba bado ana dhambi nyingi. Yeye akacheka. Alikuwa akicheka huku ameielekeza shingo mbele, hageuki huku wala huku.

Tukafika kwenye mbio za mwisho. Zilikuwa zinamalizikia Mtwara, mbele ya watu wetu, na wakala alitutangazia jambo asubuhi ile kabla hatujaondoka Masasi. Kati ya madereva wake, atakayeshinda leo atapewa gari la kiwanda mwaka mzima ujao, nchi hata nchi, yeye na msoma njia wake. Alisema pia kuwa safari hii hatampa mtu Lameck. Issa hakutania. Alinyoosha shati lake jekundu, akakaa kitini mapema kabla yangu, akashika dashibodi kwa mikono miwili.

Mlima wa Newala tuliupanda kama zamani. Mjomba alikuwa mchawi, baba akawa mwizi, kisha mchawi, kisha mchawi zaidi, na tulipofika juu tulikuwa wa pili. Juu ya uwanda mambo huwa tofauti. Hakuna ukuta wala bonde la kukuambia uko wapi. Ni mchanga na mikorosho, na mikorosho mingine, na kona zinajificha ndani yake. Tandahimba tukampita aliyekuwa mbele. Tukawa tunaongoza. Issa hakuacha kunitukana upofu: "Hata nyumba ya bati huioni?" "Naiona! Kushoto!" "Baba yako mwizi, basi!" Nikakata kushoto, njia ikawepo. Baada ya Nanyamba akasema mjomba wangu mvivu, nami nikaelekea kulia, na njia ilikwenda kushoto. Matawi ya mikorosho yakapiga kioo, tairi likaingia shimoni likatoka, nikalirudisha gari barabarani, sijui kwa neema gani. Nilimtukana kweli, si utani. Hakujibu.

Tukaendelea. Njia ikanyooka, nyeupe, mashamba pande zote mbili, tunateremka kuelekea Naliendele, na baada ya Naliendele ni mji. Nilianza kuiona Mtwara moyoni, na baba yangu amesimama kwa mgongo wake mbovu.

"Bwana Silvano," Issa akasema.

Nikasimama. Vumbi likatupita likaenda mbele, likatua. Nikatazama daraja, hakuna daraja. Nikatazama ng'ombe. Hapakuwa na kitu, njia tupu na mikorosho.

"Issa, kuna nini?"

"Hakuna kitu," akasema. "Ndiyo shida yenyewe, ntani. Hakuna kitu. Sioni."

Nilimgeukia. Nilipitisha mkono mbele ya uso wake kutoka ubavuni, na hakushtuka mpaka ulipofika puani. Akaniambia kwamba pembeni palifunga zamani, polepole, na daktari wa misheni alishamweleza kuwa ni presha ya macho na iliyokwisha kwenda hairudi. Amekuwa akiona kama anachungulia kwenye mwanzi. Mwanzi wenyewe umekuwa ukipungua, na leo jua na vumbi vimeuziba. Njia alikuwa nayo kichwani, lakini alihitaji kujua tuko wapi ndani yake, ndiyo maana alinitukana upofu, ili nimjibu kwa hasira nimtajie nilichokiona. Alikuwa anatumia macho yangu.

Nilishikwa na hasira na huruma kwa pamoja, na katika hali hiyo mtu husema ujinga. Nikasema, "Basi kaa kimya. Hapa mpaka mjini naijua. Tunashinda."

"Najua tunashinda. Ndiyo maana nimekusimamisha." Aliongea taratibu, mikono bado kwenye dashibodi. "Tukishinda watanipa kiti mwaka mzima. Nami nitakichukua, Silvano. Ninajijua. Nitakaa hapa nikikubahatishia kona mpaka nikuue. Sasa hivi bado nina adabu. Kesho wakishanivisha maua sitakuwa nayo. Tena nikikuua wewe, siku yangu ikifika nani atakuja kunifanyia utani nikizikwa?"

Niliweka mkono kwenye gia, nikautoa. Nawaambieni ukweli, nilitaka ushindi ule kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, na ulikuwa pale, mwendo wa kuvuta sigara. Tulimsikia wa pili akija. Akapita akipiga honi na kupunga glavu, vumbi lake likaingia ndani likatufunika wote wawili. Halafu akapita wa tatu. Issa alikuwa analia, na alivyo Issa, akasema ni vumbi. Akaniomba nisimwambie mtu yeyote sababu, waseme wanachotaka kuhusu mimi. Mimi nina mgongo mpana, akasema, Wayao wamezoea kubeba vitu vya watu.

Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Njia ikoje hapa? Mikorosho imechanua?"

Nikawasha gari. Niliondoka kwa mwendo wa mtu anayepeleka mayai sokoni. Njia ilipoanza kupinda nikavuta pumzi, nikasema, "Baba yako mvivu."

Issa akageuza uso. Halafu nikamwona anaegemea kulia, kama mwili unavyoegemea gari likikata kushoto, kabla gari halijakata.

"Mjomba wako mwizi," nikasema, naye akaegemea kushoto. Nikamtajia mikorosho imechanua, na kibanda, na mama mmoja anaanika muhogo ambaye ametutazama kwa dharau. Nikamwambia mjomba wake ni mchawi, tena anakula panya wa wengine, akacheka huku anajishikilia. Tukapita Naliendele hivyo. Magari ya nyuma yakatupita moja baada ya jingine, na kila dereva alitutazama akiona watu wawili wanatukanana kwa furaha, wameharibikiwa akili. Sijawahi kuendesha vizuri kama siku ile, na hakuna aliyepima muda wangu.

Mjini watu walikuwa wamejipanga mpaka karibu na soko. Walianza kushangilia, kisha wakaona mwendo wetu, wakanyamaza. Wakala alikuwa amekunja mikono. Baba alisimama pembeni kwa mgongo wake, hakuuliza lolote, na mpaka anakufa hakuuliza. Mzee Kanji alilizunguka gari akitafuta kilichovunjika, hakukiona. Issa hakusikia tena shangwe wala hakuona kamba ya kumalizia, na injini ilikuwa bado inanguruma, kwa hiyo aliendelea kuegemea kidogo huku na huku, akingoja kona inayofuata.

Nikazima injini.

"Bwana Issa," nikamwambia.

Akajua tumefika.